Rangi ya mbao nyeusi: nimeijaribu kwenye meza kuukuu
Rangi hii ya maji, ambayo maandishi ya kopo lake yanaahidi weusi wa mpingo kwa mkono mmoja tu, yaani kwa kupaka mara moja, ilinipa kahawia hafifu kwenye meza niliyokuwa nimeipiga msasa laini namba 220 hadi ikateleza kama kioo. Sehemu ya kosa ilikuwa yangu, kwa kuwa ubao uliolainishwa mno haunywi rangi vizuri. Niliporudia kwa msasa wenye chembe kubwa zaidi, namba 120, nikaupangusa ubao kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za mbao zisimame, kisha nikapaka mikono miwili, weusi uliingia hadi ndani ya mistari. Ilipokauka ilipauka kama mkaa wa jana, lakini vanishi iliurudisha weusi wote. Ahadi ya mkono mmoja, hata hivyo, siikubali.