Sketi za katani kwa vikundi vya ngoma Mwanza: kagua mkanda kwanza, na achana na za rangi

Vikundi vingi vya ngoma Kanda ya Ziwa huvaa sketi za viroba vya sandarusi vilivyochambuliwa uzi mmoja mmoja. Ni rahisi kutengeneza na malighafi haina bei. Tatizo ni kwamba sandarusi ni plastiki: ikipigwa na jua inakauka, nyuzi zinakatika vipande vipande, na kila onyesho linaacha uchafu uwanjani. Mvua inauzoa hadi mitaroni, mitaro inamwaga Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Marufuku ya Juni 1, 2019 ililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa hiyo viroba bado vimejaa mtaani na vikundi vinaendelea kuvichambua.

Sketi za katani wanazosuka mafundi wa kamba zinaweza kuchukua nafasi hiyo, tena vizuri. Tunayoizungumzia ni ya mtu mzima: kiuno sentimita 80, urefu sentimita 45. Inataka singa, yaani nyuzi ndefu za katani, zinazozidi sentimita 90, maana kila fungu hukunjwa katikati na kufungwa kwenye mkanda. Mafungu 90 ya gramu 7 yanatosha, yaani gramu 630 hivi. Chini ya hapo mapaja yanaonekana mchezaji akigeuka. Ikivuka kilo moja inamchosha kabla manju, kiongozi wa wimbo, hajafika katikati ya wimbo.

Uchezaji wake ni mzuri sana. Kwenye bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, mguu unapokanyaga na jembe likiwa hewani, singa zinarudi chini zote kwa pamoja. Sandarusi ni nyepesi, inatawanyika na kuchelewa kutua, na mchakacho wake unazifunika njuga. Kundi linalojali mlio wa njuga litasikia tofauti hiyo siku ya kwanza ya mazoezi.

Udhaifu mkubwa uko kwenye mkanda. Mafundi wengi wanafungia singa kwenye kamba ya manila, ile ya plastiki, kwa sababu ni imara na ipo kila duka. Manila inateleza. Vifundo vinasogea taratibu kuelekea mbele, na nyuma panafunguka mwanya wa kiganja kizima. Zaidi ya hapo, sketi inabaki na plastiki ndani yake. Kabla ya kulipa, shika mkanda kwa mkono mmoja, vuta fungu moja pembeni kwa nguvu: likisogea hata upana wa kidole, irudishe. Afadhali umpe fundi mkanda wako mwenyewe, kipande cha jinzi kuukuu cha upana wa sentimita 4 kutoka kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, kikunjwe mara mbili na kushonwa. Jinzi inashika singa, inanyonya jasho, haikati kiuno. Fungu lizungushwe mara mbili kabla ya kukazwa, na katika kila sentimita 10 uhesabu mafungu 11.

Kuwasha ngozi ni lalamiko la pili, na chanzo chake ni nyuzi fupi zilizoachwa ndani ya fungu. Singa zinazouzwa kwa mafundi wa jipsamu ndizo rahisi kupatikana mjini, lakini mara nyingi zimevurugika na zina mapande mafupi mengi. Zinafaa zikichanwa kwanza: pigilia misumari ya inchi tatu kwenye ubao, sentimita moja kati ya msumari na msumari, kisha pitisha singa humo, kwanza ncha moja, halafu geuza. Kinachobaki kwenye misumari kisirudishwe kwenye sketi. Hata zikichanwa vizuri, bukta ya pamba ndani ni lazima.

Za rangi hatuzipendekezi. Rangi za unga zinazotumika kwenye ukili wa mikeka zinakolea vizuri kwenye katani, ila fundi akifanya haraka, akachovya bila kuchemsha na kusuuza, jasho linazitoa na miguu ya mchezaji inageuka ya zambarau. Jaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa: sugua, tazama. Nyeusi ya magome ya mgunga na misumari yenye kutu inavutia na haichuji sana, lakini chuma hudhoofisha nyuzi na ncha zinaanza kukatika mapema. Rangi ya asili ya katani, ile nyeupe ya maziwa, inang'aa vya kutosha chini ya jua la Juni pale Bujora wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Anayetaka rangi aiweke kwenye kitambaa cha kiunoni.

Adui wa katani ni unyevu. Ikikunjwa na jasho lake ndani ya begi inaota ukungu na kunuka, hasa wakati wa masika. Baada ya onyesho ining'inizwe kwa mkanda kivulini hadi ikauke. Kuifua, tumia beseni na sabuni ya kipande, usiikamue, kisha ichane kwa vidole ikiwa bado mbichi. Usiifulie ziwani: povu linaishia kwenye maji yale yale tunayotaka kuyalinda, na kusimama majini ufukweni kunaleta kichocho. Maji ya beseni yamwagwe chini ya mgomba.

Kundi lenye mchezo wa moto liivue kabla. Katani kavu inashika moto upesi sana. Sandarusi nayo si salama: inayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Ikichakaa, kata mafungu, tenga mkanda wa jinzi utumike tena, na singa zisizo na rangi mpe fundi wa jipsamu achanganye kwenye kazi yake. Zilizobaki zikatwe vipande vya sentimita 5, ziingie kwenye shimo la mboji pamoja na samadi.