Kasha la Chuma la Kukingia Mtaro: Tathmini ya Wiki Tatu za Kulikodi

Tulikodi kasha hili kwa kazi ya kulaza bomba la majitaka Mikocheni, Dar es Salaam, ambako udongo ni wa kichanga na maji hayako mbali na uso wa ardhi. Mtaro ulikuwa na kina cha mita 2.8. Kazi za namna hii tulizoea kuzifanya kwa mirunda na mbao, na mara nyingine, niseme ukweli, kwa kumtegemea Mungu peke yake, ilhali mita moja ya ujazo ya udongo huweza kuzidi tani moja na nusu, na aliyefukiwa hadi kifuani hukosa pumzi hata kama kichwa chake kiko nje.

Kasha ni kuta mbili za chuma zilizotenganishwa kwa mihimili. Kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, hulishusha mtaroni, mafundi huunga bomba wakiwa ndani, kisha wote hupanda juu kabla halijavutwa mbele. Chuma chake ni imara na halikupinda hata siku ambayo ukuta wa upande wa barabara ulimeguka. Hata hivyo, anayelikodi aelewe kwamba kasha halizuii udongo kuporomoka, bali humkinga aliye ndani yake tu. Ndiyo maana uwazi uliopo kati yake na ukuta hujazwa kifusi, ili lisisukumwe upande, na ndiyo maana fundi anayechungulia nje ya ncha zake kupima mteremko wa bomba hana kinga yoyote. Jambo hilo tulilisema kila asubuhi, na bado kuna aliyelisahau.

Huduma ya mkodishaji haikulingana na ubora wa kifaa. Lori lilishusha kasha bila ngazi, bila mtu wa kutuelekeza, na bila jedwali la mtengenezaji linaloonyesha kina na aina ya udongo linaoweza kuhimili; jedwali hilo tulilisubiri siku mbili huku kodi ikihesabiwa. Kanuni za Marekani hudai kinga kuanzia kina cha mita 1.5, na udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni mwa mtaro. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtwika mwajiri wajibu wa usalama, kwa hiyo kisingizio cha kuchelewa kwa karatasi kisingenisaidia mbele ya mkaguzi.

Nitalikodi tena, ila sitasaini kupokea kabla ya jedwali na ngazi kuwa mkononi.