Desa la saikolojia na historia ya Marekani pale Ng'ong'ona: chukueni, ila kwenye mahusiano limepwaya

Kwa mnaosoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), au yeyote anayependa kujua mambo, kuna stesheneri moja Ng'ong'ona wanauza desa lenye mada tatu kwa pamoja: historia ya Marekani, mahusiano na saikolojia ya magonjwa ya akili, zote kwa kiwango cha mtu anayeanza. Nimelichukua elfu nne nikalisoma lote, na kwa kweli aliyeliandaa kafanya kazi, hajajaza tu vitu vya kukariri ukatapike kwenye mtihani, kazifanya mada zisemezane.

Mfano ukifika kwenye utumwa unakutana na daktari anaitwa Samuel Cartwright, huyu mwaka 1851 aliandika kwamba mtumwa anayemtoroka bwana wake ni mgonjwa wa akili, ugonjwa akaupa na jina kabisa, drapetomania, na kwenye dawa zake viboko vimo. Yaani mtu anautafuta uhuru wake we unamwita mgonjwa! Sasa ukija kwenye saikolojia desa linakurudisha kwa huyo huyo Cartwright, linakuuliza nani kasema tabia hii ni ugonjwa, halafu linakuelewesha taratiibu kwamba kuwa tofauti na wenzio peke yake haitoshi, uangalie pia kama mtu mwenyewe anateseka, kama shughuli zake za kila siku zimemshinda, kama anaweza kujidhuru au kudhuru wengine. Hizo kurasa natamani zisomwe kila kijiwe hapa Dodoma, maana hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe tunayo hapa hapa mjini na mtu akinyamaza siku mbili tu utasikia "huyo apelekwe Mirembe", jamani hiyo kauli inaumiza, na kuna watu wanaogopa kwenda kutibiwa kwa sababu yake.

Dorothea Dix naye yumo, yule mama aliyeingia jela ya East Cambridge, Massachusetts, mwaka 1841 kuwafundisha dini wanawake wafungwa akakuta wagonjwa wa akili wamefungiwa humo na baridi yote ile hawana hata moto, akazunguka jimbo zima na 1843 akapeleka ripoti yake kwa wabunge. Hapa nilitulia nikasoma mara mbili.

Mahusiano ndo pamepwaya. Kurasa chache, na nyingi ni ushauri wa wapenzi ambao hata redioni unausikia. Kesi ya Richard na Mildred Loving, ile ya 1967 ambayo Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za kukataza mzungu na mweusi kuoana, wameipa mistari miwili wakati ilitakiwa ndo iwe moyo wa sehemu hii. Alafu mwanasaikolojia Mary Ainsworth wanamtaja na utafiti wake wa Baltimore, Marekani, kuhusu mtoto anavyoshikamana na mama, ila hawasemi kwamba kabla ya hapo, miaka ya 1950, alikaa Uganda akiwafuatilia akina mama na watoto wao majumbani. Uganda jirani zetu hapo! Mwanafunzi wa huku anastahili kulijua hilo.

Uchapaji ni wa kuvumilia, wino umefifia, ramani ya yale makoloni 13 ya Uingereza yaliyokuja kuwa Marekani haisomeki kabisa. Mwambieni dada wa pale awaprintie kutoka kwenye kompyuta, msichukue zile kopi za mezani, anaongeza mia tano tu na ramani inaonekana.