Fundi aliyeniambia nyutro haina umeme

Fundi aliyetufungia umeme wa fezi tatu, yaani wa nyaya tatu zinazoleta umeme, katika nyumba yetu ya Kimara ana mkono safi, na hilo simnyimi: paipu zake zimenyooka, swichi zimekaa sawasawa ukutani, na wageni kadhaa walituuliza tulimpata wapi. Usafi huo, hata hivyo, uliishia kwenye boksi la mita, pale nyutro, yaani waya unaorudisha mkondo, inapotoka kwenye mita ya LUKU kwenda mein swichi, ambapo alifanya kazi kama mtu anayewahi daladala ya mwisho.

Miezi michache baada ya kuhamia, kila pasi ilipowashwa, taa za upande wa jikoni zilififia na za sebuleni zikang'aa kupita kiasi. Nilimwita. Alikuja jioni, akagusa fezi zote kwa testa, zikawaka, akatangaza kwamba hakuna tatizo. Nilipomwomba akaze na nyutro, alicheka mbele ya wanangu, akasema: "Mama, nyutro haina umeme. Mimi nimewahi kukufundisha kupika?"

Haikupita muda, usiku mmoja televisheni ikatoa mlio na moshi, friji ikanyamaza, na hakuna sakiti breka hata moja iliyoruka. Fundi mwingine, kijana mpole asiyependa maneno mengi, ndiye aliyenieleza kwamba breka hizo hukatika mkondo unapozidi, wala si volti zinapopanda. Nyutro ikiachia kwenye fezi tatu, vyombo vilivyo kwenye fezi tofauti hujikuta vimeungana mfululizo kati ya volti 400, na chenye mzigo mdogo ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya volti hizo badala ya 230 zake za kawaida. Kumbe ndiyo maana televisheni ilikufa na pasi ikabaki salama.

Kijana huyo alipoweka testa kwenye nyutro ya ndani, iliwaka. Ile ile isiyo na umeme! Kisha akazima kila kitu na kunionyesha konekta iliyo chini ya mita: ina skrubu mbili, moja ilikuwa imebana ganda la plastiki badala ya shaba, na nyingine ilizunguka kwa vidole tu. Ganda lilikuwa limeyeyuka, limegeuka kahawia, na harufu yake ilibaki mikononi mwangu hata baada ya kunawa. Lakiri ya mita ilikuwa nzima, kwa hiyo shirika la umeme halihusiki. Kasoro ilikuwa upande wetu, kwenye kazi tuliyomlipa yeye.

Nilikusudia kuandika kwamba anafaa kwa paipu na swichi, ilimradi mtu mwingine mwenye leseni akague boksi la mita kabla umeme haujawashwa. Nikikumbuka kile kicheko, nafuta kauli hiyo. Skrubu iliyolegea inaweza kumtokea fundi yeyote, lakini kuambiwa dalili waziwazi na kukataa kushika bisibisi kwa sababu aliyesema ni mwanamke ni jambo jingine, na mtu wa namna hiyo simwachii hata kubadilisha balbu. Nimemtumia picha ya konekta pamoja na bei ya televisheni. Ameziona zote mbili, na tangu hapo simu zangu hapokei.