Sedani za kifahari zenye mbio na gia za manyuali: ipi ununue, ipi uiache

Nianze na kuwavunja moyo kidogo. Kama unataka gari ya kumwacha mtu kwenye taa nunua oto tu, ile inayobadilisha gia yenyewe, umalize, hii haikuhusu. Ule ubishi wa manyuali kuwa na kasi zaidi uliisha kitambo, oto za gia nane zinabadilisha gia kabla mguu wako haujafika chini kwenye klachi. Cheki BMW M3 ya sasa, ile G80 (BMW kila toleo la gari wanalipa kodi kama hiyo): ya manyuali ina hosipawa 473 na nguvu ya kuvuta Nm 550, ile kali zaidi ya Competition ilitoka na 503 na Nm 650, na hiyo Competition huipati na pedali tatu, yaani na klachi, hata ukilia. Yaani mwenye kutaka manyuali ndiye anapewa injini iliyopunguzwa.

Kwa hiyo tununue kwa sababu nyingine, raha ya mkono na mguu. Ukishakubali hilo basi cha kuangalia kwanza sio hosipawa, ni kama injini yenyewe inapenda kupandishwa mzunguko na kama liva ya gia inaingia vizuri, na ndivyo nilivyopanga listi yangu.

Kwa nini zimebaki chache? Wengi wanalaumu wanunuzi kwamba wamekuwa wavivu, sawa, foleni ikikukalisha saa nzima mguu wa kushoto unauma, lakini kuna mengine. Kila injini ikifungwa na giaboksi tofauti lazima ipimwe moshi upya na hiyo ni hela, sasa kiwanda kigharamie yote hayo kwa wateja wachache? Halafu hivi vifaa vya gari kumfuata aliye mbele na kusimama yenyewe kwenye foleni haviendani na klachi, sababu hakuna wa kuikanyaga ila wewe. Mercedes kwenye C63 hawakuwahi hata kujaribu, Lexus nao IS F ilikuja na oto peke yake. Kichekesho ni BMW M5, ya E60 ilitoka na ile giaboksi ya SMG inayobadilisha yenyewe, Wamarekani wakataka pedali tatu, wakapewa, wakapewa tena kwenye F10, halafu ilipofika F90 mwaka 2018 hakuna mtu aliyepewa.

Haya, listi.

Namba moja kwangu ni BMW M3 ya E90, sedani iliyotoka 2008 mpaka 2011. Najua kuna watakaonirushia mawe lakini V8 ya lita 4.0 isiyo na tabo (feni ya kusukumia injini hewa), hosipawa 414, inapanda mpaka juu ya RPM 8,000, yaani mizunguko kwa dakika, utapata ngapi za hivyo kwenye gari ya milango minne? Hii ndiyo injini inayokupa sababu ya kuwa na manyuali, maana chini haina nguvu ya ajabu, lazima uitafutie gia, na ukiwa gia ya pili ukaisukuma mpaka juu unasikia sauti inabadilika kabisa kama umewasha gari nyingine. Sasa ubaya wake. Beringi za konrodi, yaani vyuma vinavyoshika pistoni, zinajulikana kwa kuisha, na mota za throto zinazofungulia injini hewa nazo zinakufa, kwa hiyo uliza risiti za hizo kazi mbili kabla hujauliza kingine chochote. Muuzaji akisema "hii haijawahi kuguswa injini" kama vile anaisifia, wewe toa gharama ya hiyo kazi kwenye bei yake. Na angalia vizuri, nyingi zina giaboksi ya klachi mbili ya gia saba, usije ukafika ukakuta pedali mbili.

Namba mbili Cadillac CT4-V Blackwing. Watu wakisikia Cadillac wanafikiria gari ya mzee wa kanisa, ila hii ina V6 ya lita 3.6 yenye tabo mbili, hosipawa 472, na manyuali ya gia sita ndiyo inayokuja nayo, oto ndiyo ya kuongezea hela! Ukishusha gia inajipandishia mzunguko yenyewe, ila unaweza kuzima hicho kitu ukafanya kwa mguu. Ina kaka yake CT5-V Blackwing, V8 ya lita 6.2 yenye supachaja (kama tabo ila inazungushwa na injini yenyewe), hosipawa 668, nayo na klachi. Hela ikiwepo chukua kaka mtu, mimi nimeiweka CT4 juu kwa sababu ni ndogo na utaitumia nguvu yake yote bila kutafuta kifo. Tatizo la zote mbili ni usukani uko kushoto tu.

Namba tatu BMW M5 ya E39, 1998 mpaka 2003. V8 ya lita 4.9, gia sita za mkono, oto haikuwepo kabisa kwa hiyo hakuna kuchanganyikiwa. Ni nzuri kuliko zote kwa safari ndefu, ila liva yake ni ndefu na ina mpira mpira hivi, na umri huo lazima uwe na fundi anayeijua. Usiinunue kama gari yako pekee ya kuendea kazini.

Namba nne ndio hiyo G80. Ni gari nzuri sana na mpya, breki na mshiko hauna mpinzani hapa, lakini ina nguvu nyingi kuanzia chini kiasi kwamba unaweka gia ya nne unasahau, sasa klachi ya nini?

Za bajeti zipo mbili. Audi S4 ya B8, V6 ya supachaja hosipawa 333 inayovuta magurudumu yote, hii nunua kama unakaa penye mvua au theluji, na usitafute ya B9 maana ilikuja oto tupu. Nyingine Infiniti G37 sedani ya gia sita, raha yake kubwa kuliko bei yake, ila silinda ndogo inayosukuma klachi imefichwa ndani ya giaboksi, ikivuja lazima giaboksi ishushwe.

Ukienda kuangalia gari yoyote kati ya hizi nenda ikiwa baridi, mwambie mwenyewe asiiwashe mpaka ufike. Iwashe, iache bila gia, achia klachi usikilize. Kama inalia kama mawe madogo na ukikanyaga klachi sauti inapotea, ni beringi ya ndani ya giaboksi, ikilia pale unapokanyaga ni beringi ya klachi. Halafu barabarani weka gia ya nne au ya tano kwenye mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote. RPM ikiruka na spidi ikabaki palepale klachi imekwisha. Mwisho shuka kutoka ya tatu kwenda ya pili bila haraka, ikikwaruza basi sinkronaiza, kile kinachofanya gia iingie laini, imekwisha.

Mimi nilishawahi kufanya hilo jaribio la gia ya nne mwenye gari amekaa pembeni yangu, sindano ikaruka mpaka 5,000 gari haijaongeza hata kidogo na harufu ikaingia ndani, jamaa akafungua dirisha akasema ni moshi wa lori la mbele. Barabara ilikuwa tupu.