Mabakuli ya njano ya soko la Kenya kama mtego wa nyigu wawinda-buibui

Kwa anayekusanya nyigu wawinda-buibui (familia ya Pompilidae) pembezoni mwa Lubumbashi, Kongo, mabakuli madogo ya plastiki ya soko la Kenya (mtaa wa jiji hilo, si nchi) ni mtego mzuri kuliko bei yake. Nyigu hawa hukimbia chinichini wakisaka buibui, mabawa yakitikisika, na rangi ya njano huwavuta.

Chagua njano ya limau, iliyokoza. Yanayopitisha mwanga yaache. Kasoro yake kubwa ni plastiki nyembamba: jua likilipiga wiki kadhaa, bakuli hupasuka mdomoni.

Tia maji kina cha sentimita 3, kisha matone machache ya sabuni ya maji isiyo na harufu. Sabuni hulegeza uso wa maji, mdudu azame badala ya kuelea. Ukizidisha, povu hufunika njano yote na hakuna kitakachonaswa. Yaweke juani, penye udongo mtupu, ukingoni mwa miombo au karibu na kichuguu, yaachane mita 5 hivi, na uyafukie kidogo upepo usiyapindue. Mbuzi watakunywa, kwa hiyo kaa mbali na njia zao. Masika, toboa vitundu chini kidogo ya mdomo kwa sindano ya moto, la sivyo bakuli hufurika na mavuno yote yanakwenda na maji.

Chuja kila siku kwa chujio la chai, maana kwenye joto wadudu huoza upesi. Suuza, halafu tia kwenye alkoli ya asilimia 70, ile ya famasi.

Mabakuli haya yanaposhindwa ni kwa wale wakubwa wa jenasi Hemipepsis, wanaoburuta buibui wenye manyoya. Wana nguvu na miguu mirefu, wakifika ukingoni wanatoka. Hao wavizie kwenye maua kwa wavu, wala usimguse jike kwa vidole: ndugu zao wa Amerika, Pepsis, mtaalamu wa wadudu Justin Schmidt aliwapa 4 kwa maumivu ya mwiba, daraja la juu kabisa la kipimo chake.

Mavuno yatakuwa na nyigu wa kila aina. Chukua lupu (lenzi ya kukuzia) utazame ubavu wa kifua: Pompilidae wana mfuo ulionyooka unaoukata ubavu huo sehemu mbili, ya juu na ya chini. Kisha hesabu pingili za papasi (vipembe vya kugusia vya kichwani) ujue jinsia: jike 12, dume 13.