Kabla Hujalipia Kabati, Tazama Miguu Yake

Kabati langu jeupe la milango mitatu lilidumu miezi 14. Nililinunua kwa Sh26,000, pesa za chama ambazo nilizisubiria zamu yangu tangu mwanzo wa mwaka, na siku lilipoletwa nilimshukuru Mungu kwamba nguo za watoto sasa zitatoka kwenye mabegi. Masika yalipoanza, mlango wa kushoto ukakataa kufunga. Nikadhani ni bawaba, nikamwita kijana wa jirani akakaza skrubu. Baada ya wiki ukakataa tena. Ndipo nikapiga magoti na tochi ya simu. Ubao wa chini ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, utepe mweupe wa ukingoni umebanduka, na nilipougusa kwa ncha ya kidole ukamwaga unga wa mbao sakafuni. Ndani, sehemu ya chini, kanzu mbili za Idi za baba watoto na shuka nililopewa siku ya harusi yangu zilikuwa zimeingia koga. Nimezifua, nimezianika, nimezifukiza udi siku tatu. Uvundo haujatoka.

Nilirudi dukani. Muuzaji hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Mama, nyinyi mmelimwagia maji." Nikamwambia sijamwaga maji, nimepiga deki. Akasema ni yale yale, akanionyesha maandishi chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno yale yamenikaa moyoni mpaka leo. Kama kabati haliwezi kukaa kwenye nyumba inayopigwa deki, mnunuzi aambiwe kabla hajatoa pesa, maana hapa Mombasa mimi sijaingia nyumba isiyopigwa deki.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitawaambia habari za rangi, wala kioo, wala idadi ya milango. Hayo kila mtu anayaona mwenyewe akisimama mbele ya kabati. Nataka muiname. Kunja ngumi, iingize chini ya kabati. Ikipita bila kugusa ubao, endelea kuulizia bei. Isipopita, aga uende zako, hata kama ni zuri kiasi gani.

Sababu ni hii. Makabati mengi yanayouzwa madukani sasa ni ya chipbodi au MDF, yaani vipande na unga wa mbao vilivyoshindiliwa pamoja na gundi, kisha juu yake ikabandikwa karatasi laini inayofanana na mbao au rangi nyeupe. Ile karatasi maji hayaiingii. Lakini pale ubao ulipokatwa msumeno pamefunikwa utepe mwembamba tu, na mara nyingi ukingo wa chini kabisa, ule unaokanyaga sakafu, haukuwekwa hata huo utepe, kwa kuwa hakuna atakayeuona. Unapiga deki asubuhi, unapiga tena jioni watoto wakishakula. Sakafu inakauka kwa dakika chache kwa upepo wa dirishani, ila chini ya kabati hakuna upepo wala jua. Maji yanakaa pale, ubao unayanywa taratibu, unavimba. Na chipbodi ikishavimba hairudi. Hata ikauke, ile gundi imeshaachia na skrubu hazishiki tena. Siku ya kuhama nyumba ukilifungua, halifungiki upya.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Kasha la nyanya yangu mzaa mama, lile la misumari ya shaba, lilikaa juu ya miguu yake, ukipitisha ufagio chini unatokea upande wa pili. Na kitanda chake cha samadari kilikuwa kirefu hata sisi watoto tulipandia kigoda. Chini yake kulikaa masufuria ya shughuli, mikeka, magunia ya nazi, na sisi wenyewe tukijificha. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko hii yangu ya Kisauni na sikumbuki kumsikia akilalamika nafasi.

Mimi nina vyumba viwili na sebule, na tuko watu sita. Tena si nguo peke yake. Kila mwenye nyumba Mombasa anajua mitungi ya maji ya lita 20 inavyokula nafasi, kwa sababu mfereji hauaminiki na lazima uweke akiba. Mimi ninayo 8. Nilikuwa nimeipanga ubavuni mwa kabati, na hilo nalo lilikuwa kosa: mtungi wa maji baridi hutoa jasho, jasho linateremka sakafuni. Sasa imehamia nyuma ya mlango wa jikoni.

Haya, tuje kwenye vya kununua. Ninaanza na ninachokiamini zaidi.

Cha kwanza si kabati. Ni kitanda chenye miguu mirefu, na makasha ya plastiki chini yake. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kabati la milango miwili lenye upana wa futi 3, kina futi 2 na urefu futi 6 lina nafasi ya futi za ujazo 36, na limekunyang'anya futi za mraba 6 za sakafu. Kitanda cha 5 kwa 6 tayari kimeshakalia sakafu, upende usipende. Fundi akikipa uwazi wa inchi 16 chini ya fremu, umepata futi za ujazo 40 bila kutoa hata tailsi moja. Vitanda vya dukani vingi vina inchi 6 au 7, nafasi ya viatu na vumbi. Halafu kuna vile vya kisasa vyenye sanduku zima chini, unainua godoro kwa mkono wa chuma. Vinapendeza kwenye picha. Lakini lile sanduku linakaa sakafuni moja kwa moja, limefungwa pande zote, na hapa pwani kwa joto na unyevu wa Aprili, Mei, mimi nisingeweka humo hata kitambaa cha jikoni. Jirani yangu wa juu anacho, na blanketi zake za wageni zilitoka na harufu ile ile ninayoijua.

Kwa makasha yenyewe, mimi nanunua ya Kenpoly, kampuni ya vyombo vya plastiki, na sitaficha. Viti na beseni zao tumekua nazo nyumbani, na beseni la kufulia la mama yangu ni la kwao, limefifia rangi lakini halijapasuka. Plastiki yao ni nzito, ukibonyeza ubavu kwa kidole gumba haiingii ndani kama bati la biskuti. Chukueni lenye kifuniko kinachobana na lenye urefu usiozidi inchi 13, lipite chini ya kitanda na libakishe upenyo wa mkono. Msichukue makubwa ya kupindukia. Kasha la lita 100 likijaa mashuka halivutiki na mwanamke mmoja, na mwisho wake huwa ni kulirundikia vitu juu na kusahau kilichomo ndani. Ndani ya kila kasha mimi naweka gazeti kuukuu chini na karafuu kiganja kimoja kwenye kitambaa. Ijumaa moja ya kila mwezi nayafungua yote yapate hewa.

Yapo makasha ya bei ya chini barabarani, membamba, yanayong'aa. Kifuniko hupasuka pembeni mwezi wa kwanza. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Cha pili ni kabati la mbao halisi la kutengenezewa na fundi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Niliulizia kwa mafundi watatu kabati la futi 4. Wa kwanza Sh38,000 kwa mbao ya mwembe. Wa pili Sh45,000 kwa mbao hiyo hiyo. Wa tatu alisema Sh30,000, na nilipomuuliza mbao gani akanijibu "mbao nzuri". Mtu asiyetaja jina la mti hajaamua atakuwekea nini. Saiprasi ni nafuu na inatosha kwa mashelfu ya ndani. Mwarobaini wadudu hawaupendi, na huku kwetu unapatikana, ila lazima uwe umekauka sawasawa, la sivyo milango itapinda. Mbambakofi na mvule ni za watu wenye uwezo, tusidanganyane.

Kila fundi anakwambia mbao zimepanda kwa sababu ya ile marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali. Marufuku iliwekwa Februari 2018, na Julai 2023 rais akatangaza kuiondoa. Basi mbona bei tunayotajiwa ni ile ile ya kupanda? Ikipanda tunaambiwa papo hapo, ikishuka habari hazitufikii. Hili linaniuma kuliko hata kabati lililooza, kwa kuwa anayeumia ni mama anayekusanya mia mia.

Ukikubaliana na fundi, andika kwenye karatasi mambo mawili na umwambie asaini. Moja, miguu inchi 5, ya mbao ngumu, imevishwa viatu vya plastiki au mpira. Pili, na hili ndilo linalosahaulika hata na mafundi wazuri: mgongo wa kabati. Kabati lote linaweza kuwa la mbao na miguu ikawa mirefu, halafu nyuma pamepigiliwa plaiwudi nyembamba iliyoteremka mpaka sakafuni kwa sababu fundi hakutaka kuikata. Ile plaiwudi inakuwa utambi. Inanyonya maji ya deki, inayapandisha, na koga linaanzia nyuma usikoona. Mgongo uishie pale pale ubao wa chini unapoishia. Nenda kalitazame kabla halijapakwa vanishi, ligeuze, liangalie nyuma. Fundi akinuna, mwache anune.

Cha tatu, sanduku la bati, lile la kwenda nalo shule ya bweni. Wengi tunayo, yamekaa tu tangu watoto wamalize. Yanafaa sana kwa vitabu, hati za nyumba na vyombo vya udongo, na panya hawezi kulipenya. Ila hewa ya chumvi ya huku huyala kuanzia chini, kwa hiyo yaweke juu ya vipande viwili vya mbao na uyapake rangi ya mafuta kwanza. Ukinunua jipya, tazama pembe: ziwe zimekunjwa na kupigwa ribiti, zisiwe zimechomelewa doa moja.

Mashelfu ya ukutani mnaniuliza sana. Ni mazuri kwa sebule na jikoni, lakini nyumba nyingi zetu ni za matofali ya matumbawe, na ukitoboa yanamung'unyika, skrubu inazunguka tu. Tumieni skrubu ndefu na plagi nene, msiweke kitu kizito juu ya kichwa cha mtoto, na mwenye nyumba aombwe ruhusa kwanza maana wengine hukata pesa ya amana kwa kila tundu.

Makabati ya kitambaa yenye vyuma vya kuunganisha, yale ya Sh3,000, yanaegemea upande mmoja baada ya miezi michache. Kama unapanga chumba kwa muda, sawa.

Kama tayari unalo kabati la chipbodi kama langu na bado halijavimba, usilitupe. Toa vitu vyote, watu wawili mlilaze chali, na mpake ukingo wote wa chini rangi ya mafuta mara tatu, ikauke kila mara. Kisha fundi apige vipande vinne vya mbao ngumu vya inchi 4 kwenye pembe, na kimoja katikati kwa lenye milango mitatu ili lisibonyee. Mimi nilimlipa Sh800 kwa la dada yangu wa Likoni. Na deki ya chumbani ipigwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, maji yasimwagwe kutoka kwenye ndoo.

La kwangu halikupona. Milango niliichukua, mmoja ni meza ya watoto ya kuandikia sasa. Kitanda chao cha mwembe nimeagiza kwa fundi wa kwanza, yule wa Sh38,000, kwa kuwa ndiye pekee aliyeinama kupima urefu wa makasha yangu ya Kenpoly kabla ya kunitajia bei. Anakileta Alhamisi. Jana nilipita karakana kwake na futi kamba yangu, nikapima miguu mwenyewe, mmoja mmoja. Mitatu ilikuwa inchi 16, mmoja 15 na nusu, na amekubali kuubadilisha.